Kiwiko Dirishani

Mama mwenye nyumba alikuja kwa miguu, asubuhi, ufunguo wa gari ameufunga ndani ya kitambaa kama mtu aliyebeba kaa la moto. Wapangaji waliacha walichokuwa wakifanya. Hawakuzoea kumwona akitembea. Kwa miaka yote walimjua akiwa ameketi upande wa abiria, ndani ya gari jekundu la michezo lililoegeshwa katikati ya uwanja, akitazama mbele huku mumewe akipokea kodi kupitia dirisha la upande wa pili. Kwa sababu hiyo walimpa jina la Bi Pembeni. Mumewe walimwita Kiwiko.

Kiwiko alifariki mvua zilipoanza, na sasa mvua zilikuwa zimekwisha. Gari lilikuwa palepale.

"Fundi," alisema Bi Pembeni, amesimama mlangoni pa chumba ambacho mchana kilikuwa karakana na usiku kilikuwa chumba cha watoto. "Wewe si ndiye unayeshona viti vya magari?"

"Ndimi, Mama. Karibu ndani."

Hakuingia. Aliutazama mlango kana kwamba hajui wenye miguu huingiaje.

"Nataka ulivue lile gari. Viti, milango, dari, kapeti, kila kilichofunikwa. Utoe kila kitu chake, uweke kipya. Ngozi nimeshanunua, italetwa leo."

Mke wa fundi aliinua mguu kwenye pedali ya cherehani. "Unataka kuliuza, Mama?"

"Nataka kuliendesha."

Mke wa fundi alimtazama mumewe.

"Najifunza," Bi Pembeni akaongeza. "Mwalimu anasema mguu wangu wa klachi una hasira."

Kutoka chumba cha nyuma, mama yake fundi, ambaye wote walimwita Bibi, alikohoa kile kikohozi chake cha kuomba nafasi ya kusema. "Na huu uwanja je, mwanangu? Tumesikia kuna mtu wa matairi anayetaka kuununua."

"Yupo. Anautaka wote, tena mtupu." Bi Pembeni alifungua kitambaa, akauweka ufunguo juu ya meza ya kukatia. "Nitengenezeeni gari kwanza. Nikishakaa ndani yake nitajua kama nauza au nabaki."

Alipoondoka, mke wa fundi aliutazama ufunguo bila kuugusa. Shule ya watoto ilikuwa nyuma ya ukuta tu. Kengele ikilia walisikia, wakakimbia na mkate mdomoni. Wateja waliijua karakana kwa kuelekezwa, kwa kuwa haikuwa na kibao. Wakihama hapa, nani angewaelekeza tena?

"Haya," alisema. "Basi akae vizuri."

Gari lenyewe lilikuwa fupi. Lilikuwa la zamani, la viti viwili, limelala chini kama mjusi anayeota jua, na mtu aliyetaka kusema na aliye ndani alilazimika kuinama mpaka mikono ishike magoti. Kiwiko hakuwahi kuteremka kupokea kodi. Alikuwa akipiga honi, akiegemea dirishani, akitoa kiwiko nje, na wapangaji wakija mmoja mmoja kuinama. Aliyechelewa aliinama zaidi, kwa sababu Kiwiko alikuwa na desturi ya kushusha sauti anapomsema mtu, na ili umsikie ilibidi usogeze sikio karibu na mdomo wake.

Fundi alilikaribia gari akiwa na bisibisi, koleo na ndoo ya kutilia misumari. Alipofika dirishani akajikuta ameinama. Ndani hapakuwa na mtu. Akasimama wima haraka, akatazama kama kuna aliyemwona.

Kinyozi wa chumba cha pili alikuwa amemwona. "Fundi," alisema, "ukimkuta humo mwambie mimi nimeshalipa."

"Mwambie mwenyewe. Mlango uko wazi."

Kinyozi alirudi kwenye kibanda chake haraka kuliko alivyokuja.

Harufu ilitoka kwanza. Ilikuwa ya tumbaku na mafuta ya nywele, na chini yake jasho la mtu aliyekaa sana mahali pamoja. Mkewe alijifunga kitambaa puani, wakafanya kazi bila kuzungumza, kama watu wanaoosha maiti ya asiye ndugu yao. Walibandua dari. Waling'oa mbao za milango. Waliondoa viti, wakavibeba mpaka kivulini, wakaanza kufumua kava mshono kwa mshono, kwa wembe.

Kava la kiti cha abiria lilikuwa kama limetoka kiwandani jana. Mke wa fundi alilipitisha mikononi akitafuta pa kuchakaa, asipaone.

"Alikuwa anakaa ukingoni," alisema. "Miaka yote hiyo. Hakuegemea hata siku moja."

La dereva lilikuwa kitu kingine. Walipolitundika kwenye kamba lipigwe na upepo, lilining'inia upande, bega moja chini, tumbo mbele. Bibi alitoka, akaliona, akarudi ndani akachukua shuka na kulifunika.

"Liondoeni hilo," alisema. "Siwezi kunywa chai nikitazamwa."

Ubishi wao ulikuja kwenye sponji. Mkewe alilibonyeza lile la kiti cha dereva, na shimo lililokuwa upande wa dirisha lilibaki pale alipoondoa mkono.

"Na hili?"

"Hilo zima. Sponji la zamani hilo, zito. La siku hizi ukilikalia mara mbili linakuwa unga."

"Kasema kila kitu."

"Kila kitu kinachoonekana, mama watoto. Nani atafunua kuangalia sponji? Nitalijazia kidogo hapa pembeni."

"Sikusema ataliona," mkewe alijibu, akarudi kwenye uzi wake.

Fundi alijifunza kazi kwa kufumua. Hakuwahi kuwa na mwalimu. Alichukua kava kuukuu, akaligeuza ndani nje, akalitandaza juu ya kitambaa kipya na kupitisha chaki ukingoni. Hivyo ndivyo alivyoshona viti vya mabasi, na abiria wa basi aliyepata kiti hana muda wa kuuliza kimekatwaje. Alijua ipo njia ya uangalifu zaidi: kulikunja kava katikati, kuchukua nusu ambayo haijavutika, na kuikata mara mbili ili pande zote ziwe sawa. Lakini kwa njia hiyo lazima ulipapase kava muda mrefu, uutafute mwili ulipolemea. Fundi hakutaka kuutafuta. Alilitandaza kama lilivyo, akapitisha chaki upesi, akakata.

Ngozi ilikuwa nzuri, ya rangi ya karanga iliyokaangwa, laini kama sikio. Ilitosha viti viwili na vipande vya milango, basi. Muuzaji alikuwa amesema rangi ile haiji tena.

Walianza na kiti cha dereva, kwa kuwa Bi Pembeni alituma ujumbe kwamba ana hamu ya kukionja. Vipande vya kiti cha abiria vilikatwa vikawekwa kando, havijashonwa. Mkewe alishona akiwa ameuma midomo, kwa sababu ngozi haisamehe: sindano ikishatoboa, tundu ni la milele. Fundi alivuta kava juu ya sponji, akapiga vibanio, akafunga kiti mahali pake.

Alikuwa na msemo aliopenda kuwaambia wateja, kwamba kiti hakikaguliwi kwa macho, hukaguliwa kwa makalio. Hakuna kiti kilichowahi kutoka mikononi mwake bila yeye kukikalia kwanza. Hiki alikibonyeza kwa kiganja. Akakipiga makofi mawili matatu kama mtu anayempongeza punda, akafunga mlango.

Bi Pembeni alikuja na viatu vya chini, vya kuendeshea. Wapangaji walitoka bila kuitwa. Alifungua mlango wa dereva, akasita, akajipinda kuingia chini kule, akakaa.

Kisha akateleza.

Ilikuwa polepole, na yeye mwenyewe hakuonekana kuhisi. Kiti kilimpokea, kikamlaza upande wa dirisha. Bega la kulia likashuka. Mkono ukatafuta mahali pa kutulia, na mahali pakawa ni dirisha, kiwiko nje.

Bibi, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, alisimama. Vidole vyake vilianza kufungua fundo la kanga pale anapofungia pesa zake, na vilikuwa vimeshalilegeza alipogundua vinachofanya.

"Kumbe hivi ndivyo alivyokuwa akituona," alisema Bi Pembeni. Alisema kwa sauti ya chini. Kinyozi, aliyekuwa karibu, aliinama ili asikie.

"Wewe," alimwambia kinyozi, "ule ufa wa ukuta wako, umeanza lini?"

"Siku nyingi, Mama."

"Na hukusema."

"Nilisema, Mama, kwa marehemu, aka..."

"Hukusema." Aligeuza kichwa kidogo. "Fundi, njoo."

Fundi alikwenda, akashika magoti.

"Umetoa kila kitu?"

Aliuona uso wake kwa karibu, mara ya kwanza. Ulikuwa mtulivu, na macho hayakuwa yakimtazama yeye bali nyuma yake, milangoni, dirisha kwa dirisha.

"Nimetoa, Mama."

"Kiti kizuri. Kinanikaa." Alipapasa ukingo wa dirisha. "Yule wa matairi nitamwambia asije. Mtu akiutazama uwanja huu vizuri, una faida. Nitausimamia mwenyewe. Malizeni cha pili, kesho nalichukua."

Bi Pembeni alipoondoka, kinyozi alimkumbatia fundi mpaka bisibisi ikamdondoka. "Umetuokoa, kaka! Kichwa chako nitakinyoa bure mpaka uote upara."

Nyumbani walikunywa chai yenye sukari ya kutosha. Watoto waliambiwa hawahami, wakapiga kelele, wakatoka kuwaambia wenzao. Baada ya hapo wakubwa watatu walibaki wakitazama vikombe.

"Uliona?" aliuliza fundi.

"Niliona," alisema mkewe. "Sponji lile. Na kava umelikata kama lilivyovutika. Umemshona yeye mle ndani."

"Nitakifumua."

"Ufumue nini? Amesema kinamkaa. Amesema tunabaki. Mtu akisema kiti kinamkaa, fundi gani anabisha?"

"Ameniuliza, nikamwambia nimetoa kila kitu."

"Basi ushamwambia." Alikusanya vikombe kwa nguvu kidogo. "Sisi tunataka paa, baba watoto. Akae wima, akae upande, ni mgongo wake."

Fundi alimgeukia mama yake, lakini Bibi alikuwa akilikaza fundo la kanga yake, analifungua, analikaza tena. "Mkono wangu mwenyewe," alisema tu. "Umenitoka hivihivi, kama mbwa aliyesikia mluzi."

Jua lilikuwa bado halijazama. Fundi alitoka kwenda kukata kapeti ya chini ya usukani, kazi ambayo haikuwa na ubishi. Alipiga magoti nje ya gari, lakini pembe ya mbali haikufikika, kwa hiyo akaingia ndani, akakaa.

Alihisi kiti kikimsogeza. Halikuwa jambo la kutisha. Ndivyo alivyosema baadaye, kwamba lilimtisha kwa kuwa halikutisha. Mgongo ulipumzika. Bega lilipata pake. Mkono ulitoka nje kupata hewa. Kutoka pale aliuona mlango wa chumba chake, mdogo, rangi imebanduka, na mwanamke akimwaga maji machafu mbele yake, na akawaza kwamba watu hawa hawajui kutunza mahali.

"We," aliita, si kwa sauti kubwa. "Hebu njoo hapa."

Mkewe aliweka beseni chini, akaja. Alifika dirishani, akainama, viganja juu ya magoti, sikio mbele. "Bwana?" alisema.

Katika miaka yote ya ndoa yao fundi hakuwahi kumwita "we", na yeye hakuwahi kumwitikia "bwana". Walitazamana hapo, uso kwa uso. Mkewe ndiye aliyesimama kwanza. Alijifuta viganja kwenye gauni kama vimeshika kitu.

"Toka humo," alisema. "Nitaleta wembe."

Walikifumua kabla giza halijaingia. Kava lile lisingekatwa upya. Matundu ya sindano yalikuwa yamelizunguka pande zote, na sponji jipya ndani yake lingeacha makunyanzi. Ngozi nyingine haikuwepo. Kilichokuwepo ni vile vipande vya kiti cha abiria, vilivyokatwa kwa kava ambalo halikuwahi kuegemewa. Viti vilikuwa pacha. Mkewe alivichukua, akavinyoosha juu ya meza, akavitazama.

"Cha pili tutamwambiaje?"

"Tutamwambia hakipo."

"Na tukifukuzwa?"

Fundi alikuwa akikata sponji jipya, gumu, alilokuwa amemwekea mteja wa makochi. Hakuacha kukata. "Tutakuwa tumefukuzwa."

Mkewe alishona mpaka asubuhi ilipowakuta. Safari hii, kabla ya kufunga boliti ya mwisho, fundi alikikalia. Kilikuwa kiti tu.

Bi Pembeni alifika mapema. Fundi hakungoja aulizwe.

"Mama, jana nilikudanganya. Sponji la marehemu nililiacha ndani, na kava nilikata kwa kufuata mwili wake. Kile ulichokalia kilikuwa chake. Tumekitoa. Lakini ngozi imekwisha, kiti cha abiria hakina kava. Kosa ni langu, si la mke wangu."

Bi Pembeni alisikiliza akiwa amesimama, kitambaa kimebanwa kwenye ngumi. Kisha akaingia garini.

Alikaa wima. Alisogea kidogo, akangoja, kama mtu anayengoja kusukumwa, lakini hakusukumwa. Mikono ilipanda kwenye usukani kwa kuwa haikuwa na pengine pa kwenda. Alitazama mbele, kupitia kioo, na mbele kulikuwa na lango.

Kando yake fremu ya kiti cha abiria ilikuwa tupu, springi nje.

"Hicho," alisema bila kukitazama, "toeni na vyuma vyake. Hakuna wa kukaa hapo."

Wakafungua boliti, wakakitoa. Aliwasha. Gari liliruka, likazima. Aliwasha tena, likazima tena, na kutoka ndani wakasikia sauti ambayo hakuna mpangaji aliyewahi kuisikia. Mama mwenye nyumba alikuwa akicheka. Mara ya tatu likatoka langoni, kwa gia ya kwanza, likilia kama mbuzi. Hawakuliona mpaka jioni.

Jioni alirudi, akaliacha nje barabarani, akaja mpaka mlango wa fundi na kuingia. Mke wa fundi alimpangusia kigoda. Alikubali maji, akayanywa yote.

"Jana nilitaka kubaki," alisema. "Niliwatazama kutoka mle nikawaona nyote wangu. Nililala nikipanga nianze na nani." Aliweka glasi sakafuni, taratibu. "Leo nimekaa siku nzima barabarani, na sikuukumbuka uwanja huu hata mara moja. Nimempigia simu mtu wa matairi. Amekubali kungoja mpaka watoto wafunge shule. Zaidi ya hapo hakukubali."

Kutoka nje waliwasikia watoto wakigombania mpira.

"Sina ubaya na nyinyi," aliongeza. "Ningebaki, ndipo ningekuwa na ubaya."

Mke wa fundi alikuwa akizungusha uzi kwenye kidole, akiufungua, akiuzungusha. "Kiti chenyewe, Mama," alisema mwishowe. "Kinakufaa?"

"Kinanifaa."

"Haya."

Bi Pembeni alilipa kazi yote, na malipo ya kiti cha abiria pia. Fundi alikataa yale ya kiti cha abiria, mkewe akayapokea. Bi Pembeni aliondoka bila kuaga mlango wa pili, na kinyozi aliposikia habari alikuja akasimama kizingitini, mikono kiunoni.

"Ungekiacha tu, kaka," alisema. "Kiti kibovu kimoja. Tungeinama. Kwani tumezaliwa jana?"

Bibi ndiye aliyesema, kutoka ndani, "Wewe bado una kiuno cha kuinamia."

Shule ilifungwa. Walipata chumba upande wa pili wa mji, kidogo kuliko hiki, ambako hakuna aliyejua kwamba fundi ni fundi. Siku ya kuhama alikodi mkokoteni. Walipakia cherehani, meza ya kukatia iliyokunjwa miguu, magodoro, na Bibi akakataa kupakiwa, akasema atatembea.

Katikati ya uwanja palikuwa na mahali ambapo gari lilikuwa limesimama miaka ile yote. Udongo wa hapo ulikuwa mweusi kwa mafuta, wa mstatili, na majani yaliota kuuzunguka lakini si ndani yake. Tangu gari liondoke hakuna aliyepakanyaga. Watoto wakicheza mpira walizunguka. Kinyozi, akienda bombani, alizunguka. Mke wa fundi, na ndoo mbili mikononi, alizunguka, na hawakuwahi kulizungumzia jambo hilo.

Mwenye mkokoteni alikuwa kijana mgeni, mwenye haraka na kazi nyingine mbele. Alishika mikono ya mkokoteni, akainamisha kichwa, akavuta moja kwa moja kuelekea lango. Gurudumu likaingia kwenye ule weusi.

Familia nzima ilisimama. Fundi aliinua mkono nusu, kama wa kumzuia, na mtoto mdogo akamshika mama yake gauni. Cherehani ilitikisika juu ya mzigo, ikatulia. Gurudumu likatokea upande wa pili, likaacha mstari mwembamba, mkavu, unaokata mahali pale katikati.

"Vipi, mnakuja?" aliuliza kijana.

Bibi ndiye aliyetangulia. Wengine walimfuata nyuma ya mkokoteni, na walipofika penye weusi, mmoja baada ya mwingine, wakazunguka.